Kumi na Mmoja wa Simu

Soipan alikuwa na swali asubuhi hiyo.

"Umesema ishirini na nne walipona, kwa ishirini na sita. Sasa hao wawili?"

Daktari Mutunga alikuwa ashafunga faili. Akaifungua tena, akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu ako na haraka lakini hataki ionekane. "Mama Leshan, hao wawili maji ilirudi kwa ini, tukawadunga tena, wakapona. Hata hao wako sawa."

"Hakuna mwenye alikufa?"

"Hakuna."

Soipan akaangalia dari ya wadi. Alikuwa mama wa miaka thelathini na moja, mwembamba, lakini upande wa kulia wa tumbo lake ulikuwa umejaa kama mtu ameficha kibuyu chini ya shuka. Ulikuwa mfuko wa maji umemea ndani ya ini. Minyoo ya mbwa ndiyo huileta, na kwa boma zenye mbwa na mbuzi na watoto wanalala karibu karibu, hiyo kitu si ngeni. Picha ya tumbo ilisema sentimita kumi na moja.

"Basi nidungeni," akasema. "Na niende nyumbani leo."

Hiyo ndiyo ilikuwa raha ya sindano ya Mutunga. Zamani mwenye mfuko wa maji alipasuliwa, akalala wadi wiki mbili. Sasa sindano ndefu inapita kwa ngozi tu, maji inavutwa, dawa inaingia, na saa kumi jioni mgonjwa anapewa tembe za mwezi mzima na anaenda zake. Saning'o, bwana ya Soipan, alikuwa ashaegesha gari lake la Probox karibu na geti, na mlango wa nyuma uko wazi kabisa. Boma lao lilikuwa mbali huko kupita Magadi, masaa tano kutoka hii hospitali ya misheni ya Kajiado, na ng'ombe zilikuwa zinahama kesho kufuata nyasi.

Mutunga akaweka sahihi, akampa Akoth faili. "Saa nane. Ni wa mwisho kwa listi." Akatoka, viatu vyake vya thieta vikipiga kelele kwa sakafu.

Akoth alikuwa daktari intern, mwezi wake wa nane, mtu wa kuongea pole pole mpaka wagonjwa wazee wanamwinamia kumsikia. Lakini hizo namba za Mutunga ni yeye alizikusanya. Wagonjwa hamsini na mbili kwa miaka miwili, nusu sindano, nusu kisu. Wa sindano, wawili tu walipata shida ndani ya miezi sita. Wa kisu, tisa. Mutunga alikuwa amemkalisha mbele ya laptop akamwonyesha vile mtu anauliza swali: kama sindano na kisu ni kitu moja, bahati tupu inaweza kuleta tofauti kubwa hivi mara ngapi? Laptop ikajibu pointi sufuri tatu nane. Chini ya mara nne kwa mia.

"Unaona?" Mutunga alisema siku hiyo, akipiga meza. "Hiyo si bahati, Akoth. Hiyo ni kazi."

Na Alhamisi, siku mbili tu zimebaki, alikuwa anaenda Nairobi kusimama mbele ya madaktari wenzake wa upasuaji awaambie hivyo hivyo.

Saa nne kasoro, Akoth alikaa kwa meza ya manesi kumalizia slaidi. Kulikuwa na pengo moja tu. Mgonjwa wa kumi na nne, kijana wa Entarara, hakuna mwenye alikuwa ameandika miaka yake. Jambo la dakika moja. Akatoa simu.

"Hello, habari? Naongea na nyumbani kwa Saruni?"

"Ndiyo." Sauti ya mzee.

"Napiga kutoka hospitali, Kajiado. Nilipiga pia mwezi wa tano. Bado anaendelea vizuri?"

"Vizuri."

"Hana shida yoyote?"

"Hakuna shida."

"Sawa. Nilitaka tu kujua, Saruni ako na miaka ngapi?"

Akoth akasikia upepo wa huko Entarara, na kuku, na mtu anakohoa. Halafu simu ikakatwa.

"Network," Akoth akasema.

"Network gani," akasema Sista Kakenya.

Kakenya alikuwa nesi mkubwa wa wadi, mama wa watu, miaka ishirini na mbili kwa hiyo kazi. Alikuwa anapanga dawa kwa trei na sasa mikono yake ilikuwa imesimama. "Wewe Dakta Akoth, hivyo ndivyo uliwapigia wote?"

"Eeh. Kwani?"

"Sekunde arobaini? Kama msichana wa kuuza bima?"

Manesi wawili wakacheka. Akoth akahisi masikio yake yanawaka. "Nilikuwa nauliza maswali matatu tu, Sista. Yako kwa fomu."

"Na wote wakakuambia vizuri."

"Wote."

Kakenya hakucheka. Akakuja, akavuta kiti, akanyoosha mkono. "Lete hiyo simu."

Akapiga namba ile ile. Mzee alipochukua, Kakenya akaanza kwa Kimaa, na sauti yake ikabadilika, ikawa ndefu, kama mtu ametoa viatu mlangoni. *Sopa,* akasalimia. *Epa,* mzee akaitika. Akoth alikuwa na maneno machache ya Kimaa lakini aliweza kufuata. Watoto? Wazima. Ng'ombe? Nzima. Mbuzi? Nzima. Mvua? Tunashukuru Mungu. Majirani, wazima. Nyumba yote, nzima. Dakika mbili zikaisha. Dakika tatu. Halafu Kakenya akanyamaza, na mzee pia akanyamaza, na hakuna mwenye alikata. Mzee akavuta pumzi, akaanza kuongea peke yake. Kakenya alikuwa anaitikia tu, *eeh, eeh,* na macho yake yalikuwa kwa trei ya dawa.

Alipoweka simu chini hakumwangalia Akoth.

"Kwetu habari inaanza na uzima," akasema. "Hata kama umetoka kuzika jana, ukisalimiwa unasema nzima. Ubaya unakuja nyuma, ukishaona mtu ameketi, hana mbio. Wewe ulikuwa unakata kabla habari ifike."

"Ako aje?"

"Na usimtaje jina. Kwetu aliyekufa hatajwi jina, na wewe ulimtajia huyo mzee mtoto wake kwa sikio." Kakenya akapangusa mdomo. "Alidungwa hapa. Siku ya nne akashikwa na homa. Gari ilipatikana siku ya sita. Hakufika."

Akoth akaangalia skrini ya laptop. Safu ya kumi na nne. Aliandika yeye mwenyewe, Jumapili mchana, kwa bedsitter yake Noonkopir huko Kitengela, akingoja sufuria ya presha ya jirani iache kupiga firimbi ndio asikie vizuri. *Mzima.* Herufi tano na nukta.

"Sista," akasema. "Wa sindano wenye hawakurudi kliniki, niliwauliza kwa simu tu, ni kumi na mmoja."

Kakenya akaangalia saa ya ukutani. Saa nne na dakika kumi. "Basi ongea na wao kwa simu yako, mimi kwa yangu. Wenye hawajui Kiswahili nipe mimi. Na Dakta, ukisalimia, salimia."

Mutunga alikuwa ndani ya thieta tayari. Akoth alipiga simu ya huko mara mbili. Mbaluka, nesi wa thieta, akamjibu kwamba mkono wa daktari uko ndani ya tumbo ya mtu na hataki kusikia chochote mpaka atoe. "Ni haraka?" Mbaluka aliuliza. Na Akoth, kwa ile tabia yake, akasema hapana, nitangoja. Akajichukia kabla hata aweke simu chini. Lakini saa nane ilikuwa mbali. Na ukienda kumwambia Mutunga kazi yake ina tobo, huendi na tobo moja. Ungemwambia mtu mmoja alikufa, angekuuliza, kwa wangapi?

Kwa hivyo akapiga. Mwanzo maneno yalikuwa yanamkauka. Hakuwahi kuuliza mtu asiyemjua habari ya mbuzi zake. Mama mmoja wa Matasia alishangaa mpaka akamwuliza kama anataka kununua. Lakini huyo wa Matasia mgonjwa wake alikuwa mzima kweli, hata Akoth akapewa namba yake akaongea naye mwenyewe, ako juu ya boda boda, upepo tupu. Moja. Akoth akaweka alama.

Wa pili, mzima. Wa tatu, mzee wa huko chini Magadi, alizunguka ng'ombe wote, akazunguka kanisa, akamwombea Akoth apate bwana mzuri, ndipo akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba lile tumbo limerudi na sasa ni kubwa kuliko la kwanza. Tembe? Tembe ziliisha wiki ya pili, walihama, karatasi ilibaki kwa boma la zamani. Kwa nini hakurudi? Mzee akacheka. Kurudi na miguu ya nani?

Kakenya upande wa pili alikuwa ameshika kichwa. Alionyesha kwa mikono tumbo likivimba: uvimbe umerudi. Baadaye tena, umerudi. Mwingine alikuwa amevuka mpaka, akapasuliwa huko hospitali ya ng'ambo. Mwingine mzima. Namba tatu hazikupatikana kabisa, yule dada wa kwa simu alikuwa anarudia tu maneno yake bila huruma.

Saa sita na nusu Akoth akahesabu. Kwa kumi na mmoja, wanane wamepatikana. Watatu wazima. Watano shida, na mmoja wa hao watano ako kwa udongo. Akaongeza na wale wawili wa kwanza, wenye walirudi wenyewe kliniki. Saba. Akaingiza kwa laptop saba kwa tisa badala ya mbili kwa tisa, akabonyeza vibaya, akafuta, akarudia.

Pointi saba sita. Bahati tupu ingeleta hivyo mara sabini na sita kwa mia.

Ile tofauti nzima, ile ya kupigiwa meza, ilikuwa imekaa juu ya simu zake za sekunde arobaini.

Aliinua kichwa amwambie Kakenya, na ndipo aliona kitanda cha Soipan kiko wazi, shuka imekunjwa.

"Mama Leshan ako wapi?"

"Wamemchukua saa hii," nesi mmoja akasema. "Yule wa henia amekunywa chai na alitakiwa afunge, wakamfukuza. Wamemvuta Mama Leshan mbele."

Akoth hakufunga laptop. Aliichukua vile ilivyo, waya ikimfuata kwa sakafu kama mkia.

Mlango wa thieta ulikuwa na mstari mwekundu chini, huvuki na nguo za nje. Alivaa gauni la thieta juu ya nguo zake, kofia upande upande, akasukuma mlango na bega. Ndani kulikuwa baridi. Soipan alikuwa amelalia mgongo juu ya meza, macho wazi. Ile sindano haihitaji mtu kulazwa usingizi, wanatia ngozi ganzi tu. Tumbo lake lilikuwa limepakwa dawa ya kahawia na kitambaa cha kijani kimezunguka. Mutunga alisimama upande wa kulia, mikono juu, glavu tayari. Kwa trei, sindano yenyewe, ndefu kama ya kushona gunia.

Mbaluka alikuwa anasoma ile karatasi ya kabla ya kuanza. Anasomanga kila siku, haraka haraka kama mtoto anasali kabla ya kula.

"Mgonjwa ni Soipan Saning'o. Upande ni kulia. Damu iko. Dawa ya mzio iko. Kuna mwenye ako na wasiwasi wowote?"

Hakuna siku mtu alikuwa amejibu hilo swali. Mbaluka mwenyewe hakungojanga jibu. Alikuwa ashageuza karatasi. Mutunga alikuwa ashanyoosha mkono kwa trei.

"Niko nayo," Akoth akasema.

Ilitoka ndogo sana. Mutunga hakusikia. Mbaluka ndiye alisikia, akamwangalia na laptop yake na mkia wake wa waya, akakunja uso.

"Niko na wasiwasi," Akoth akasema tena, na sasa ilitoka kubwa kupita kiasi, ikagonga ukuta wa vigae, ikarudi.

Mkono wa Mutunga ukasimama juu ya sindano.

"Dakta Akoth. Toka na hiyo kitu, ni chafu."

"Si wawili, Daktari. Ni saba."

"Saba nini?"

"Wa sindano. Wenye walipata shida. Wale wa simu, niliwauliza vibaya. Tumewapigia tena na Sista Kakenya." Alikuwa anameza maneno. "Uvimbe umerudi kwa watatu. Mmoja alipasuliwa ng'ambo. Mmoja alikufa, Daktari. Homa. Siku ya sita."

Mashine peke yake ndiyo ilikuwa inapiga, na mapigo ya Soipan yakaanza kukimbia, kila mtu akasikia.

"Unasema hayo hapa?" Sauti ya Mutunga ilikuwa chini sana. "Mgonjwa akiwa macho?"

"Nilikuja vile nilijua. Mlimvuta mbele."

"Na wa kisu wenye uliwauliza kwa simu, wale watatu, umewapigia tena?"

"Bado."

"Kwa hivyo upande mmoja umeupima na mizani mpya, upande mwingine bado uko na ya zamani. Halafu unaingia kwa thieta yangu unapiga nduru."

Alikuwa na haki. Akoth alijua ana haki, na hiyo ndiyo iliuma. Alitamani sakafu ipasuke. "Ni kweli," akasema. "Nitawapigia leo. Lakini hata wakiwa wazima wote, Daktari, inabaki tisa kwa saba. Na watatu wa sindano hatujawapata, inaweza kuwa hata kumi. Nimeingiza kwa laptop. Ni pointi saba sita."

"Pointi saba sita haisemi ziko sawa."

"Haisemi. Inasema hatujui."

Mutunga akaangalia ile sindano kwa trei.

"Na kitu ingine." Sasa alikuwa anaongea akiangalia vigae, maana akimwangalia Mutunga angeacha. "Kwa fomu niliweka zote safu moja. Shida. Wale tisa wa kisu ni usaha kwa kidonda na nyongo kuvuja, na wote wako hai. Nikahesabu usaha moja, nikahesabu mtu amekufa moja. Hiyo hesabu haikuwa inajua tofauti. Mimi ndiye sikuiambia."

"Semeni na mimi."

Walikuwa wamemsahau. Soipan alikuwa ameinua shingo, mishipa imesimama. "Mimi ndiye niko hapa juu. Mnaongea juu ya tumbo yangu kama wanaume wananunua ng'ombe. Semeni na mimi."

Mutunga akashusha mikono. Kwa thieta hiyo kitu haifanywi; ukishusha mikono glavu si safi tena.

"Mama Leshan," Mutunga akaanza.

"Sijamaliza. Huyo msichana." Akageuza macho kwa Akoth. "Hao wenye iliwaharibikia, hao wa simu. Wanakaa wapi?"

Akoth akatelezesha kidole kwa skrini. Hakuwa amewahi kuwaangalia hivyo. Miaka, mfuko ukubwa gani, tarehe. Mahali pa kukaa palikuwa safu ya mwisho huko, hakuna mwenye alikuwa anaipeleka kwa hesabu. "Entarara," akasoma. "Magadi. Kupita Magadi. Loitokitok, ndani ndani huko. Magadi."

"Na wenye walipona?"

"Isinya. Kitengela, Kitengela. Hapa mjini. Matasia." Akashuka chini. "Hapa mjini. Kitengela."

"Mimi nakaa wapi?"

Kupita Magadi, na Akoth hakuhitaji kuisoma tena.

Mutunga alitoa glavu moja, halafu nyingine, akazitupa kwa ndoo. Akavuta kile kistuli cha magurudumu cha mtu wa dawa ya usingizi, akakaa karibu na kichwa cha Soipan, mpaka uso wake ukawa chini ya wa mgonjwa. Akoth hakuwa amewahi kumwona ameketi ndani ya thieta.

"Nikikwambia kisu ni bora, nitakuwa nakudanganya," akasema. "Wenye mifuko mikubwa ndio nilikuwa napasua. Midogo naidunga. Kwa hivyo hata wale tisa, sijui ni kisu kiliwaharibu ama walikuja wakiwa wabaya tayari. Asubuhi nilikwambia najua. Kumbe sijui."

"Yangu ni kubwa?"

"Ni kubwa. Kuidunga naweza, nimedunga zingine kama hiyo. Si sindano inaniogopesha sasa. Ni barabara. Homa ikikushikia hapa nakuwekea dawa kwa mshipa, ikikataa nakufungua usiku huo huo. Ikikushikia huko kwenu..."

"Huko kwetu gari inapatikana siku ya sita," Soipan akasema.

Alirudisha kichwa chini. Mashine ikapiga, ikapiga. Mkono wake mmoja ulikuwa nje ya kitambaa, na ulikuwa umeshika ukingo wa meza mpaka kucha zimekuwa nyeupe.

"Mtu akibaki hapa," akasema, "si hao saba, si hao tisa. Mimi. Nikibaki, nitapona?"

"Sijui, Mama Leshan. Naona ni afadhali. Kujua, sijui."

"Basi dunga. Lakini siendi."

Mutunga akasimama, akaenda kuosha mikono upya, kutoka mwanzo, viwiko na kila kitu. Maji ilimwagika muda mrefu. Bila kugeuka akasema, "Dakta Akoth, hiyo laptop itoke. Halafu uvae vizuri urudi. Utashika hii tyubu."

Maji ilitoka safi kama ya chupa, ikajaza tyubu baada ya tyubu. Akoth alizishika moja moja kwa mikono miwili. Soipan hakuangalia hata mara moja.

Saa kumi na moja jioni Saning'o aliingia wadi na shuka begani na uso wa mtu amengoja sana. Mtu alikuwa amemweleza juu juu tu.

"Nani amesema unabaki?"

"Mimi," Soipan akasema.

"Ng'ombe zinahama kesho."

"Ng'ombe ziko na miguu."

Saning'o akamgeukia Akoth, maana ndiye alikuwa karibu na ndiye mdogo. "Siku ngapi?"

"Tano, Baba Leshan. Pengine saba. Sijui bado."

"Daktari gani hajui?"

"Wote," Kakenya akasema kutoka kwa meza, bila kuinua macho. Alikuwa na Mutunga huko, wameinamia simu moja. Daktari wa upasuaji alikuwa anauliza mtu wa kisu, kwa Kiswahili chake kizito cha Machakos, habari ya mbuzi, na Kakenya alikuwa anamfinya mkono kila akitaka kuruka mbele. Mbele yao kulikuwa na karatasi. Ile ishirini na nne kwa ishirini na sita ilikuwa imepigwa mstari, na chini yake Mutunga ameandika kwa mkono wake: *wazima kumi na sita, shida saba, hatujui watatu.* Hakuwa ameongea na Akoth tangu thieta, ila mara moja, akipita: "Alhamisi niko na dakika kumi za kuongea. Sasa niambie nitasema nini." Hakungoja jibu, na Akoth hakujua kama hilo lilikuwa swali ama matusi.

Saning'o alitoa shuka begani, akaitupa miguuni mwa kitanda, vibaya, kama mtu hana haja nayo, akatoka. Wakasikia Probox inakataa, inakataa, inashika. Soipan alisikiliza mpaka sauti ikapotea upande wa barabara kubwa. Alikuwa na jasho juu ya mdomo.

"Msichana," akasema. "Hiyo ni homa?"

Akoth akamwekea kipimajoto kwapani. Walingoja. Dakika hiyo ilikuwa ndefu kuliko simu zote. Nje mtu alikuwa anaita mtoto, na Akoth alikuwa anajiambia kwamba hata ikisoma vizuri haithibitishi kitu, ikisoma vibaya pia haithibitishi, ni mtu mmoja tu. Na moyo wake ulikuwa unakataa kusikia hiyo hesabu.

Kikalia. Akakiinua kwa mwanga wa dirisha.

"Thelathini na saba nukta tatu."

"Hiyo ni ngapi? Ni mbaya?"

"Bado si homa," Akoth akasema. "Napima tena saa mbili."

Akavuta kiti, akakaa.